Majibu Niliyoyafungia Kasapa

Mwaka tulipoanza kuchukua damu ya watoto, nilikuwa msaidizi wa mafundisho katika chuo kikuu, pale Kasapa, na nilikuwa katika umri ambao mtu huamini kwamba akisema jambo kwa moyo safi amekwisha kulitenda. Nilizaliwa Lubumbashi. Babu yangu alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, baba yangu akazaliwa kambini na kusoma kwa mapadri, nami nikakulia katika nyumba ya matofali yenye bomba la maji uani na miti miwili ya avokado. Si mbali na kwetu, ng'ambo ya reli, kulikuwa na mtaa ambao upepo wa kiangazi huumwagia vumbi la viwanda vya zamani na vya sasa. Utoto wangu wote nilipita kando yake nikienda misa. Sikuwahi kuingia.

Aliyenifanya niingie ni profesa wetu. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, ambaye hakupandisha sauti hata mbele ya wanafunzi wavivu. Kwa miaka mingi aliwapokea wageni waliokuja na masanduku ya barafu, wakachukua damu, mikojo na udongo wa watu wetu, wakapanda ndege. Baada ya mwaka mmoja au miwili tulikuwa tunasoma habari zetu katika majarida yao. Kazi yetu ilikuwa kuwaonyesha njia na kuwatafsiria. Profesa alikuwa na neno lake juu ya jambo hilo. Alisema sisi ni wapagazi wa damu ya watu wetu.

Basi alipopata msaada wa kujenga kitu chetu wenyewe, tulifurahi kama watu waliorudishiwa shamba. Chumba kimoja cha zamani kikapakwa rangi, kikawekwa friji mbili, jenereta na kompyuta. Tulichaguliwa vijana sita. Tulifundishwa kutoa damu ya mtoto bila kumwumiza, kufuta vumbi la sakafuni kwa kitambaa kibichi na kulitia katika mfuko, kuuliza maswali bila kumwelekeza mtu jibu, kuandika, kuhesabu. Lengo letu lilikuwa moja: kujua kwa nini katika mji uleule, mtoto wa ng'ambo hii ya reli na mtoto wa ng'ambo ile hawakui sawa. Mimi nilipewa mtaa ule wa vumbi. Jambo hilo lingekuwa pia tasnifu yangu ya udaktari.

Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja ambaye kituo cha afya cha mtaa kilinituma kwake. Alikuwa mama relais. Hivyo ndivyo tunavyowaita watu wa kujitolea wanaotembea kati ya kituo na nyumba za watu, wakitangaza chanjo, wakiwahimiza wajawazito waende kupimwa. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Kambove, mwenye miaka sitini hivi. Mume wake alikuwa amefanya kazi katika migodi hadi kifua kilipomshinda. Aliishi na binti yake na mjukuu wa kike wa miaka minne, mtoto mtulivu aliyependa kukaa chini na kuchora udongoni kwa kidole.

Nilimletea orodha ya maswali yetu ili anisaidie kuyaweka katika Kiswahili cha pale. Tulikaa kwenye benchi la kituo, nikamsomea. Nilipofika kwenye neno la madini tuliyokuwa tunayatafuta katika damu, nikasema risasi, kama kamusi inavyosema. Akaniomba nirudie. Kisha akaniuliza kwa upole kama ninataka kumwambia mama wa watu kwamba mtoto wake ana risasi mwilini, na kama najua mama huyo atafikiri nini, katika nchi ambayo imesikia milio ya bunduki. Tukalifuta neno lile. Yeye ndiye aliyesema tuite sumu ya vumbi. Hivyo ndivyo tunavyoiita mpaka leo, hata madarasani, na jina la mama huyo halijaandikwa popote.

Tulipomaliza, alikunja karatasi akanirudishia, lakini hakuinuka.

“Bengine balikuya mbele yenu,” alisema. “Balibeba damu, balibeba mikojo, hatukubaona tena. Bantu balinikasirikia miye, juu miye njo niliingia nabo mu manyumba. Sasa nitabaambia nini?”

Nilimjibu bila kufikiri hata kidogo. “Mama, siye hatuko sawa bale. Siye tuko bantu ya hapa. Majibu mutapata, mbele ya mvua kwisha.”

Ndipo alipoinuka. “Basi,” alisema. “Nitabaambia hivyo.”

Kwa wiki tano za kiangazi tulitembea pamoja. Yeye alitangulia, kitambaa kichwani, miguu myeupe kwa vumbi kufikia magotini, akibisha odi kwenye kila ua. Nami nilifuata na sanduku langu la barafu. Mlango ambao mimi ningefungiwa, yeye alifunguliwa, akapewa kiti na maji ya kunywa. Alikaa kwanza, akauliza habari za mgonjwa, za msiba, za mtoto aliyefaulu mtihani, na kazi yetu ilikuja mwisho kabisa, kama jambo dogo kati ya majirani. Siku ya kwanza, wanawake waliposita, alimwita mjukuu wake, akamweka mapajani, akaniambia nianze na huyo. Mtoto alilia kidogo, akapewa pipi, na baada ya hapo akina mama wakajipanga. Kila mmoja alipotia sahihi yake au alama ya kidole, mama relais alisema maneno yale niliyompa: majibu yatakuja mbele ya mvua kwisha.

Mashine ya kupimia, ambayo ingetuwezesha kufanya kila kitu Kasapa, ilikosa kifaa kimoja. Tulingoja. Kifaa hakikuja, na damu haiwezi kungoja milele hata katika friji, kwa hiyo tukafanya kile tulichoapa kutokifanya: tukaifunga katika masanduku tukaipeleka nje, kwa chuo mwenzetu. Profesa aliisindikiza hadi uwanja wa ndege yeye mwenyewe.

Majibu yalifika mwezi wa pili wa mvua. Niliyafungua asubuhi, peke yangu ofisini, na nikasoma namba za watoto ambao bado nilikumbuka nyuso zao. Wengi wao walikuwa na sumu ya vumbi kupita kiasi ambacho mtoto anapaswa kuwa nacho. Wachache walikuwa nayo kwa wingi wa kutisha. Siku ileile nikaanza kuandika barua, moja kwa kila mtoto, katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi: namba ni hii, maana yake ni hii, fanyeni hivi na hivi. Nilizitia katika bahasha. Ilinichukua siku tatu, na nilikuwa na furaha ya mtu anayetimiza neno lake.

Kisha tukakutana, sisi sita na profesa na wenzetu wa nje waliokuwa kwenye skrini. Mmoja alisema majibu yarudiwe kupimwa kabla ya kuyatoa. Mwingine aliuliza tutawaambia nini wazazi, kwa kuwa dawa ya kuondoa sumu ile haipatikani mjini kwa urahisi. Wa tatu alihofia fujo, na wenye viwanda, na wanasheria wao. Kila mmoja alisema jambo lenye akili. Ikaamuliwa tungoje, kamati ya maadili iandikiwe, makala ya matokeo yetu iende kwanza kwa wasomaji wa kitaalamu ili namba zithibitishwe. Profesa aliuliza kama kuna mwenye neno. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeingia katika nyumba zile.

Nilikuwa na neno. Bahasha zilikuwa ndani ya mkoba wangu, miguuni pangu. Lakini makala ile ingekuwa na jina langu mwanzoni, na baada ya wiki tatu nilikuwa nasafiri kwenda kujifunza kwa miezi minne katika chuo kile cha nje, na sikutaka kuwa mtu anayeleta matatizo. Nikasema naona ni sawa. Baada ya mkutano nikazitia bahasha katika droo ya meza yangu, nikaifunga.

Mama relais alikuwa na namba yangu ya simu. Alianza kupiga katikati ya mvua. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba bado kidogo. Mara ya pili vilevile. Akatuma ujumbe, bila lawama: Mama dokta, banauliza. Niliusoma nikiwa kantini, nikala chakula changu. Nilipokuwa ughaibuni aliendelea kupiga kwa WhatsApp ya binti yake, na niliiona picha ndogo ya mtoto yule ikiwaka kwenye kioo cha simu yangu, nikaiacha mpaka izimike. Nilijiambia kwamba kuongea bila kuwa na jibu ni vibaya zaidi kuliko kunyamaza. Lakini jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalijua kichwani. Mjukuu wake, yule wa kwanza kutolewa damu, ndiye aliyekuwa na namba ya juu kuliko watoto wote.

Naandika sentensi hiyo polepole kwa sababu sijawahi kuisema mbele ya mtu. Nilijua, na nikaiacha simu ilie.

Baadaye simu hazikuja tena. Nilipumua. Nilifanya kazi vizuri miezi ile, nilisifiwa.

Niliporudi Lubumbashi kiangazi kilikuwa kimeanza tena. Makala ilikuwa imekubaliwa. Pale Kasapa palifanyika sherehe ndogo, na wakuu wa chuo wakasema kwamba sasa tuna watafiti wetu wenyewe, na watu wakanipigia makofi. Mwenzangu mmoja kati ya wale sita alinivuta kando nikiwa bado na glasi mkononi. Aliniambia kwamba wasaidizi wetu walikwenda kwenye mtaa wangu wa vumbi kwa ajili ya maswali ya awamu ya pili, na wakafukuzwa kwa mawe. Hata watu wa chanjo walifukuzwa. Na yule mama yako, alisema, inaonekana amehama.

Kesho yake nilikwenda kwenye kituo cha afya. Mwuguzi mkuu, mwanamume mnene aliyekuwa akitupokea vizuri zamani, hakunipa kiti. Alinieleza akiwa anapanga kadi za wagonjwa, bila kunitazama.

Ilikuwa hivi. Katika miezi ya mvua mtoto mmoja wa kiume, kati ya wale tuliowatoa damu, alishikwa na homa na degedege, akafa siku ya pili. Watoto hufa kila masika katika mtaa ule, na watu huzika. Lakini safari hii watu walikumbuka sindano. Walikwenda kwa mama relais kumwuliza majibu ya damu yako wapi. Akasema yanakuja. Wakarudi tena, akasema yanakuja. Mara ya tatu mtu mmoja akatamka neno ambalo wazee wa kambi za migodi walitutishia nalo tulipokuwa watoto: mutumbula. Batumbula ni wale waliosemekana kuwakamata watu na kuwapeleka kwa wazungu, wasionekane tena. Neno lile lilipotoka, halikurudi mdomoni. Wakasema ameuza damu ya watoto, ndiyo maana wageni wa chuo hawaonekani, biashara imekwisha. Wanawake wa kwaya yake walimwomba asikae nao benchi moja. Binti yake alitukanwa kisimani. Mwishowe mawe yakaanguka kwenye bati la nyumba yao mchana kweupe, na wiki ileile wakafunga mizigo, yeye, binti na mjukuu, wakaenda Kambove kwa mdogo wake.

“Alikuwa anakuya hapa kila siku na telefone yake,” mwuguzi alisema. “Ananiambia, dokta eko na kazi mingi, atajibu. Hata siku ya kuondoka.”

Nilirudi Kasapa kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilifungua droo, nikatafuta bahasha ya yule mtoto aliyekufa. Namba yake ilikuwa ndogo. Alikuwa mmoja wa wachache ambao vumbi halikuwa limewafikia sana. Kwa vyovyote alikuwa amekufa kwa malaria, kama wengine wengi. Nilikaa kwenye kiti nikamshukuru Mungu. Nilishukuru kwa moyo wote, dakika nzima labda, kabla sijatambua kwamba mtoto amekufa na mimi ninashukuru.

Nilikwenda kwa profesa na bahasha zote. Nilimwambia kwamba nazipeleka kesho, kamati iwe imejibu au haijajibu, na kama ni kufukuzwa nifukuzwe. Nilitaka anikatalie, ingekuwa rahisi zaidi kwangu kuwa na mtu wa kupigana naye. Yeye alivua miwani yake akaifuta.

“Nenda,” alisema. “Barua ya kamati nitaiandika mwenyewe. Nilikutazama siku ile nikingoja useme. Halafu sikusema na mimi.”

Mwuguzi mkuu alikubali kunisindikiza, si kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya chanjo zake. Nyumba nyingine zilinifungia mlango. Nyingine zilipokea karatasi bila kunikaribisha ndani. Katika ua mmoja baba mwenye nyumba aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniambia nitoke. Kuna ua mmoja nilikaribishwa na kupewa maji.

Nyumba ya mama wa mtoto aliyekufa niliiacha mwisho, kwa woga. Nilimkuta anachambua majani ya lengalenga kwenye ungo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mwuguzi alimwambia nilichokuja kufanya, na mimi nikapiga magoti, ingawa mimi ni mkubwa wake kwa umri, nikamwomba radhi. Nilimweleza kwamba mtoto wake hakuwa na sumu nyingi, kwamba si ile iliyomwua, na si sindano. Alifuta mikono kwenye kitenge, akapokea bahasha, lakini hakuifungua.

Kisha aliuliza habari ya wale wengine, wenye sumu nyingi. Alikuwa na mtoto mwingine, wa kike, naye tulimtoa damu, na barua yake ilikuwa katika bahasha ileile. Aliuliza wazazi wanatakiwa kufanya nini. Nikamweleza: kufuta sakafu na kitambaa kibichi badala ya kufagia kukavu, kunawisha mtoto mikono kabla ya kula, kuacha nguo na viatu vya kazi nje, kumpa mboga za majani, maharagwe, samaki wadogo wa kapenta, asilale na njaa, asichezee karibu na tanuri ambamo watu wa mtaa huyeyusha betri za magari.

“Ile tu?” aliuliza.

“Njo ile, mama. Kwa kuanza.”

Aliendelea kuchambua majani. “Ile nilikuwa naweza kufanya,” alisema. “Tangu ile siku.”

Alinipa ruhusa ya kwenda kwa ishara ya kichwa tu.

Kambove nilikwenda wiki iliyofuata, kwa basi la asubuhi hadi Likasi na kutoka pale kwa pikipiki. Sikuwa nimempigia mama relais simu. Niliogopa atanikatalia, na niliogopa zaidi kwamba angenikaribisha. Mdogo wake alinielekeza shambani, nyuma ya nyumba za mwisho, ambako milima ya udongo wa migodi inaanza. Alikuwa anapalilia mihogo. Mjukuu wake alikuwa amekaa mwisho wa tuta, anachora.

Aliponiona aliegemeza jembe, akaja. Hakunikumbatia, hakunitukana. Tulisalimiana kama inavyopasa. Aliniuliza habari za safari, za wazazi wangu, akanitafutia mahali pa kukaa kwenye kivuli cha kibanda cha shamba, naye akakaa mbele yangu. Nilimpa bahasha. Alijua kusoma, alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, midomo ikitembea. Alipofika kwenye namba, kidole kilisimama.

“Hii iko mingi?”

“Iko mingi, mama.”

“Kupita ya bengine?”

“Kupita ya bote.”

Aligeuka akamtazama mtoto. Kisha aliikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya awali, kwa uangalifu mkubwa.

“Nilikuwa natuma telefone,” alisema. “Ulikuwa unaona?”

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Kamati, wenzetu wa nje, mtandao mbovu. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Nilimtazama usoni, nikashindwa kuyatoa.

“Nilikuwa naona, mama.”

“Kila mara?”

“Kila mara.”

Alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akibishana na nafsi yake siku nyingi na sasa amejua nani alikuwa na haki. Aliniambia, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba binti yake alikuwa akimwambia tangu mwanzo kuwa ninaona na sitaki, na yeye alimkemea binti yake kwa kusema vibaya juu ya mtoto wa watu. Walikosana kwa ajili hiyo. Binti sasa yuko Likasi, anafanya kazi mgahawani, na hawaongei sana.

Nililia. Aliniacha nilie, hakunifariji, na hata sasa naona alifanya vizuri. Nilipomaliza nilimwambia kwamba mtaani sasa wamepata barua zao, kwamba mwuguzi amesema mbele ya watu kuwa hakuuza kitu, kwamba anaweza kurudi. Akasema hapana. Alikuwa amekaa mtaa ule miaka thelathini, amezalisha, amezika, amebeba wagonjwa kwa machela, na iliwachukua miezi miwili kumtupia mawe. Watu ambao wamekwisha kuona kwamba wanaweza kukutupia mawe, alisema, si rahisi kuwafungulia mlango tena asubuhi, hata kama wameomba radhi. Jambo alilotaka lilikuwa moja tu, kwamba mtoto atazamwe.

Hilo nililifanya. Kila baada ya miezi mitatu mtoto alikuja Lubumbashi na bibi yake, nami nikawapokea kituo cha mabasi na kuwapeleka hospitali. Daktari wa watoto aliyekuwa mwenzetu alimfuatilia. Namba ilishuka, polepole sana. Lakini Kambove nako ni mji wa migodi, na sikuweza kumwambia bibi mtu ahamie wapi penye udongo safi. Sasa mtoto anasoma shule ya msingi. Alirudia darasa la pili. Mwalimu anasema ni mtoto mwema ila anasahau haraka. Nimewauliza wataalamu kama ile miezi, tangu barua yake ilipoingia drooni mpaka nilipoifikisha shambani, ndiyo iliyofanya tofauti. Wananiambia haiwezekani kujua. Wanaisema kama faraja.

Mashine ya Kasapa ilipata kifaa chake, na sasa inafanya kazi. Tuna wanafunzi wengi, tuna chumba cha pili, na damu ya watu wetu haipandi ndege tena. Profesa alistaafu, lakini kabla ya kuondoka aliandika kanuni ambayo kila mradi lazima uifuate: majibu yanarudi nyumbani kwa mtu kabla makala haijatumwa kokote, na tarehe ya kuyarudisha haiahidiwi na mtu wa mtaa, inaahidiwa na mtafiti mwenyewe, kwa mdomo wake, na namba yake ya simu imeandikwa kwenye karatasi. Ni kanuni nzuri. Vyuo vingine vimeiomba. Wakati mwingine naalikwa kuieleza.

Kila mwaka, mwanzoni mwa masomo, mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi wapya sehemu hiyo. Nawasimulia habari ya mtaa mmoja, na mama relais mmoja, na mtafiti mmoja, na barua zilizokaa drooni miezi sita. Mwaka huu, msichana mmoja aliyekaa mstari wa mbele, aliyezaliwa katika mtaa ng'ambo ya reli, alinyoosha mkono akauliza huyo mtafiti alichukuliwa hatua gani.

Nilisema hakuchukuliwa hatua yoyote. Nikasema alipata shahada yake, na anaendelea na kazi.

“Yuko wapi?” aliuliza.

Darasa zima lilikuwa linaningoja. Nilisema yupo palepale Lubumbashi, kisha nikageukia ubao, nikaanza kuandika kichwa cha somo.